Uzi: Uhandisi wa data za afya ukiwa Lamu, kazi yenyewe ikoje?

Kaskazi_Amu (mtoa mada)

Asalaam aleikum wanajamvi. Kila nikipita humu nakuta vijana wakiulizana kuhusu uhandisi wa data: wajifunze nini, cheti gani kina thamani, nani anaajiri. Majibu yote huwa ya benki, mikopo ya simu na maduka ya mtandaoni. Afya haiguswi. Mimi hiyo ndiyo kazi yangu, naifanya nikikaa hapa hapa Amu, na leo nataka niieleze kwa urefu, kwa kuwa naamini inahitaji watu wa huku, wanaojua Ndau iko wapi na kusi ikivuma ni nini hukwama.

Mhandisi wa data si yule anayeonyesha grafu mkutanoni. Huyo ni mchambuzi, na naye ana kazi yake. Mhandisi ndiye anayehakikisha namba imetoka ilipoandikwa ikafika inaposomwa ikiwa ile ile, na kama kuna aliyeigusa njiani, ajulikane ni nani na aliigusa kwa nini. Kwetu safari hiyo bado huanzia kwenye karatasi. Mtoto analetwa zahanati, nesi anaandika kwenye rejista ya chanjo. Mwezi ukiisha anahesabu mistari yake na kujaza fomu za muhtasari: MOH 710 ya chanjo, 705 ya magonjwa ya wagonjwa wa nje, 711 ya afya ya uzazi, mama na mtoto. Fomu zinatakiwa zifike ofisi ya kaunti ndogo kufikia tarehe 5 ya mwezi unaofuata, na kufikia tarehe 15 ziwe zimeingizwa kwenye mfumo wa taifa, KHIS. Mfumo huo umejengwa juu ya DHIS2, programu huria inayosimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kenya ilianza kuitumia nchi nzima mwaka 2011.

Hapo ndipo naingia mimi. Navuta data kwa API, yaani mlango ambao programu moja huitumia kuomba data kwa nyingine, naiweka kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, naikagua, naiunganisha na orodha kuu ya vituo vya afya na makadirio ya idadi ya watu, kisha naiandaa ili mchambuzi na afisa wa chanjo waitumie. Ukisoma haraka utaona kazi nyepesi. Ugumu uko kwenye neno "naikagua".

Nianze na sifuri. DHIS2 kwa kawaida haihifadhi sifuri. Ukiandika 0 kwenye kisanduku, mfumo hauiweki, labda aliyekitengeneza kipengele hicho awe amewasha chaguo la kuhifadhi sifuri. Sasa fikiria zahanati mbili. Moja haikupata mgonjwa hata mmoja wa surua mwezi mzima. Nyingine ilipata, lakini fomu yake haijavuka maji. Zote mbili zinakufikia zikiwa tupu. Mtu wa data asiyejua atajaza 0 kote, au atajaza wastani wa miezi iliyopita ili grafu isikatike. Njia zote mbili ni kumsingizia nesi neno ambalo hakusema. Surua inaenea, na wewe dashibodi yako inasema shwari!

Dawa yake ipo ndani ya DHIS2 yenyewe. Mbali na namba, mfumo huweka kumbukumbu ya fomu kutiwa alama kuwa imekamilika: kituo gani, mwezi gani, tarehe gani, na aliyeikamilisha. Unavuta jedwali hilo pia na kuliunganisha na la namba. Kisanduku kitupu kwenye fomu iliyokamilishwa unaweza kukichukua kuwa sifuri. Kisanduku kitupu kwenye fomu ambayo haikukamilishwa ni kimya, na kimya kinabaki kimya hadi mtu apige simu. Kwenye majedwali yangu vitu hivyo viwili haviwekwi safu moja abadan.

La pili, asilimia zinazovunja hesabu. Chanjo ya penta, ile inayokinga magonjwa matano, hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Ukitoa waliopata ya tatu kwa waliopata ya kwanza, ukagawa kwa waliopata ya kwanza, unapata kiwango cha walioacha njiani. Kikizidi asilimia 10, watu wa chanjo huanza kuuliza maswali. Lakini ukiangalia kituo kimoja kimoja, utakuta kiwango hasi: waliopata ya tatu ni wengi kuliko waliopata ya kwanza. Mhandisi wa mbali atafuta mstari huo kuwa takataka. Mtu wa Pate atakumbuka kwamba baharini kuna misimu, na wavuvi huhama na familia zao, mama akaanzia chanjo Faza na kumalizia Kiwayu. Basi kabla hujafuta, jumlisha vituo vyote vya kaunti ndogo. Hasi ikitoweka, watu walihama. Ikibaki, kuna kosa la kuhesabu, na hilo unalitafuta kituo kwa kituo. (Mitandaoni mna masomo mengi ya kusafisha data ambayo yangekuambia ufute tu. Naomba msiyafuate kwenye afya.)

La tatu, vituo vilivyofungwa. Upande wa msitu wa Boni kuna zahanati zilizofungwa kwa sababu ya usalama. Kituo kikibaki kwenye orodha ya wanaotarajiwa kuripoti, kiwango cha ripoti cha kaunti kinashuka kila mwezi kana kwamba watu ni wavivu. Ukikiondoa bila kumbukumbu, wakazi wake nao wanatoweka kwenye macho ya mipango. Mimi ninacho kwenye jedwali la vituo chenye tarehe ya kufunguliwa, tarehe ya kufungwa na sababu, na idadi ya watu wake inabaki kuhesabiwa. Wale watu wapo, hata kama mlango una kufuli.

Karibuni kwa maswali.

MtotoWaMalindi

Waleikum salaam kaka. Nimemaliza chuo mwaka jana, sayansi ya kompyuta, niko nyumbani Malindi. Maswali yangu matatu. Je, lazima nijue udaktari? Laptopu yangu ina RAM ya GB 8 tu, inatosha? Na nianze na nini, maana orodha za mitandaoni zinatisha: Spark, Kafka, Airflow, na nyingine hata kuzitamka siwezi.

Kaskazi_Amu

Karibu sana ndugu yangu. Laptopu inatosha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima ya Lamu. Ripoti zetu zote za kila mwezi, miaka yote, zinaenea humo na nafasi inabaki. Anayekuambia huwezi kuanza bila Spark, zana ya data kubwa mno, anakupotezea muda.

Anza na SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata maswali, na ukae nayo. Si kujua SELECT ukakimbia. Jifunze kuunganisha majedwali hadi ujue kwa nini mistari imeongezeka baada ya kuunganisha, maana kwenye afya mstari ulioongezeka ni mtoto ambaye hayupo. Kisha Python ya kutosha kuvuta data kwa API, kushughulikia mtandao unaokatika katikati, na kurudia pale pale ulipoishia bila kuingiza kitu mara mbili. Stima ikipotea saa ambayo skripti inaandika, je, ukiiwasha tena itaongeza nakala ya pili? Swali hilo mimi humuuliza kila kijana kabla sijamuuliza kingine. Airflow utaijua ukiwa na kazi nyingi za kupanga. Kwa kuanzia cron, ile ya kuendesha skripti kwa saa uliyopanga, inatosha.

Udaktari hapana, lakini rejista ndiyo. Ujue kila safu ya rejista ya chanjo, ya kliniki ya wajawazito na ya kujifungua ina maana gani. Ujue ICD-10 na ICD-11, orodha za kimataifa za misimbo ya magonjwa, zinapangwaje. Nenda kituo kilicho karibu nawe, omba ruhusa, ukae na afisa wa rekodi za afya umwone anavyojumlisha mwisho wa mwezi. Usiguse taarifa za wagonjwa, angalia kazi tu. Utajifunza mengi kuliko kwenye kozi yoyote.

Pa kufanyia mazoezi papo. DHIS2 ina seva ya majaribio iliyo wazi, yenye data za mfano zilizopewa majina ya vituo vya Sierra Leone, na masomo ya bure ya mtandaoni. Kwa rekodi za mgonjwa mmoja mmoja, tumia Synthea, programu huria inayotunga wagonjwa wa kubuni. Tengeneza wagonjwa elfu kumi, wapakie kwenye PostgreSQL, uanze kuuliza maswali.

Nesi_Pate

Mwanangu Kaskazi, nimesoma yote. Wasema vyema, lakini nami niseme la upande wetu. Sisi twahudumia watu mchana kutwa, zahanati ina watu wawili, na mmoja akenda likizo nabaki peke yangu. Mtoto mmoja namwandika kwenye rejista, kwenye kitabu cha mama, kwenye karatasi ya kujumlishia, na sasa kuna tableti pia. Kisha tarehe 12 mtu anipigia simu kutoka ofisini, hajaniamkia, aniuliza mbona namba yako haiingiliani. Namba yangu naijua. Nimewashika hao watoto kwa mikono yangu. Mtu wa kompyuta akinipigia, naomba aje na swali, asije na hukumu. Na tena, ripoti twatuma kila mwezi. Hurudi nini kwetu? Hakuna. Grafu zaonekana ofisini Mokowe na Nairobi, huku hatuzioni.

Kaskazi_Amu

Shikamoo mama. Maneno yako nayachukua yalivyo, na nawaomba vijana wanaosoma uzi huu wasiyapite haraka.

Hili la kurudisha ndilo naliona muhimu kuliko zana zote nilizotaja juu. Mtu anayetuma namba bila kurudishiwa kitu atachoka, na akichoka, namba nazo zitachoka. Ninachofanya mimi ni kutoa ukurasa mmoja kwa kila kituo kabla ya tarehe 15, dirisha likiwa bado wazi. Ukurasa una namba zake mwenyewe za miezi kumi na miwili, dozi zilizotumika zikilinganishwa na watoto waliochanjwa, na maswali yasiyozidi mawili. Si "umekosea". Ni "mwezi wa tatu penta ya tatu imeruka kutoka 14 hadi 41, je ndivyo ilivyokuwa?" Huenda kulikuwa na kampeni. Huenda 14 iligeuka 41 wakati wa kuingiza. Anayejua ni mama nesi, si mimi, kwa hivyo jibu lake naliweka kwenye hifadhidata pamoja na namba, kwa maneno yake mwenyewe. Mwaka ukipita, mchambuzi akiuliza juu ya mruko ule, maelezo yapo na hakuna anayesumbuliwa mara ya pili. Ukurasa unatumwa kwa WhatsApp kama picha nyepesi, maana si kila mahali faili kubwa hufunguka.

Kuhusu kuandika mara nne, mama, haki ni yako. Mfumo wa kielektroniki ukiletwa na rejista ya karatasi ikabaki, kazi imeongezwa, haikupunguzwa. Mhandisi akiitwa kwenye kikao cha kuleta mfumo mpya, swali lake la kwanza liwe: ni karatasi ipi inaondoka siku hiyo hiyo?

Mwana_Shela

Mimi si mtu wa kompyuta, nasoma tu kwa kuwa yanatuhusu. Wasiwasi wangu ni siri. Mwasema majina huondolewa. Lakini Amu hii, Shela, Matondoni, Kipungani, nani asiyemjua nani? Hata bila jina, ukisema mzee fulani wa mtaa fulani ana ugonjwa fulani, mwezi hauishi hajajulikana.

Kaskazi_Amu

Ndugu yangu, umegusa penyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Kuondoa jina hakutoshi, na kwenye visiwa hakukaribii hata kutosha. Chukua jedwali lenye kijiji, jinsia, rika na ugonjwa. Mstari mmoja unasoma: kijiji cha watu mia chache, mwanamke, miaka 15 hadi 19, VVU, 1. Hakuna jina, hakuna namba ya simu, na bado umemtangaza msichana wa watu. Nairobi mstari huo ungekuwa na mamia ndani yake. Ndiyo maana sheria iliyoandikwa kwa kufikiria mji mkubwa haitoshi hapa. Inabidi mhandisi aongeze yake.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka hali ya afya ya mtu kwenye kundi la data nyeti, na data zikivuja kwa namna ya kuweza kumdhuru mtu, Kamishna wa Data anatakiwa aarifiwe ndani ya saa 72. Kisha ikaja Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023. Hayo ni ya msingi, yasomeni. Wamarekani nao wana kanuni za kuhesabu ambazo zinasaidia kufikiri. Shirika lao la bima ya umma, CMS, haliruhusu kuchapishwa kwa kisanduku chenye watu 1 hadi 10. Na katika HIPAA, sheria yao ya siri za afya, njia moja ya kuondoa utambulisho ni kufuta vitambulisho vya aina 18, na kwa anwani unaruhusiwa kubakiza tarakimu 3 za mwanzo za msimbo wa posta pale tu eneo lina zaidi ya watu 20,000. Hebu lipime hilo kwetu. Lamu Mashariki yote, kuanzia kisiwa cha Pate hadi Kiunga na ndani ya Basuba, sensa ya 2019 ilikuta watu elfu 22 na kidogo. Kaunti ndogo nzima ingevuka mstari huo kwa shida. Kijiji hakikaribii hata kidogo.

Kwa hivyo ninachofanya: kwa magonjwa yenye aibu mbele ya watu, VVU, kifua kikuu, magonjwa ya zinaa, afya ya akili, data ya kijiji haitoki kwenye hifadhidata kabisa. Inatoka ya kaunti ndogo, na rika zikiwa zimeunganishwa. Kisanduku kidogo kinafichwa. Na hapa wengi hujikwaa: ukificha kisanduku kimoja na ukaacha jumla, mtu anatoa tu na kukipata. Jumla ni 23, vingine vinaonyesha 12 na 8, basi kilichofichwa ni 3. Lazima ufiche kingine pia, au uondoe jumla. Hili programu ilifanye yenyewe kabla jedwali halijatoka, lisiachiwe kumbukumbu ya mtu siku ya haraka.

Na ndani ya ofisi, anayehitaji kujua ni wangapi haoni ni akina nani. Mimi mwenyewe kazi yangu kubwa ni ya jumla za mwezi, sina haja ya jina la mtu, na nisilokuwa na haja nalo sitaki niwe na ruhusa ya kulifungua. Shemeji yangu akiniuliza swali la jirani, jibu la kweli ni kwamba sioni.

Bi_Takwimu

Hamjambo. Mimi niko upande wa Kilifi, nimefanya utafiti miaka mingi. Mtoa mada ameongelea jumla za mwezi, lakini kizungumkuti kipo kwenye rekodi za mtu mmoja mmoja. Huku kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome wanafuatilia wakazi wa eneo lao la utafiti tangu 2000, na kazi ya kumlinganisha mtu wa nyumbani na mtu huyo huyo aliyefika hospitali ni kazi ya watu, si ya mashine pekee. Kaka Kaskazi, majina yetu unayalinganishaje? Fatuma, Fatma, Fatima. Mohamed ameandikwa kwa namna tano.

Kaskazi_Amu

Bi Takwimu, karibu, na swali lako nililingoja.

Wengi huanza na Soundex, kanuni ya kugeuza jina kuwa msimbo kwa kufuata linavyotamkwa, kwa kuwa imo ndani ya hifadhidata nyingi. Hataza yake ni ya 1918, Marekani, na ilikusudiwa majina ya ukoo ya Kiingereza. Kwa Mohamed, Mohammed na Muhammad inafanya vizuri: yote yanatoka M530. Fatuma na Fatma, yote F350. Unafurahi. Kisha wanakuja mapacha.

Huku kwetu mapacha wa kiume wakizaliwa, majina yanajulikana kabla ya arubaini: Hassan na Hussein. Soundex inawapa wote wawili H250. Tarehe ya kuzaliwa moja, mama mmoja, baba mmoja, kijiji kimoja, namba moja ya simu. Programu inasema kwa uhakika kabisa kuwa huyu ni mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili, na inamfuta mmoja. Mtoto mmoja anaonekana amepata dozi mbili siku moja, mwenzake hayupo duniani.

Kwa hivyo kanuni yangu ya kwanza inakwenda kinyume na vitabu: rekodi mbili zikifanana kila kitu isipokuwa jina la kwanza, haziunganishwi na mashine, zinapelekwa kwa mtu. Ya pili, jina nalivunja vipande vitatu, la kwake, la baba, la babu, na kila kipande kinalinganishwa peke yake, kwa kuwa leo ameandikwa Omar Ali na kesho Omar Ali Shee. Ya tatu, tarehe 1 Januari siiamini. Mtu mzima asiye na cheti cha kuzaliwa anaulizwa mwaka tu, na tarehe inajazwa 01/01. Ukiipa uzito kama tarehe halisi, nusu ya wazee wa kijiji watakuwa ndugu pacha. Ya nne, namba ya simu ni ya nyumba, si ya mtu. Na kina mama wengi hutoa ya mume au ya jirani.

Na siunganishi kwa kufuta. Rekodi zote mbili zinabaki, na jedwali la tatu linasema "hizi tunaamini ni mtu mmoja, kwa sababu hii, tarehe hii, ameamua fulani". Tukigundua si mmoja, tunatengua uamuzi, data haijapotea.

Bi_Takwimu

Hapo kwenye kutofuta nakuunga mkono kwa dhati. Ongeza na hili: majina ya Wagiriama yana mtindo wake. Mtoto anaitwa Kazungu Charo, baba yake Charo Kazungu, na babu ni Kazungu Charo tena. Jina, na hata mpangilio, vinarudi kila vizazi viwili. Bila mwaka wa kuzaliwa, babu na mjukuu wanaungana.

Kaskazi_Amu

Naam. Hilo nimeshaliandika kwenye daftari langu. Ahsante sana dada.

Malindi_Mbali

Niko Malindi, nafanya kazi kwa mkataba na kampuni ya Marekani ya uchambuzi wa data za afya. Niseme tofauti ili vijana wachague wakijua. Kule data haizaliwi kwenye rejista, inazaliwa kwenye dai la malipo. Hospitali inatuma dai kwa faili liitwalo 837, bima inajibu kwa faili la malipo, 835. Ugonjwa unaandikwa kwa ICD-10-CM, toleo lao la ICD-10, ambayo wameitumia tangu tarehe 1 Oktoba 2015, na kila mtoa huduma ana namba yake ya NPI yenye tarakimu 10. Kazi yangu kubwa ni kulinganisha dai, marekebisho ya dai na malipo, kwa kuwa dai moja linaweza kutumwa, kukataliwa, kurekebishwa na kutumwa tena, na ukihesabu vibaya mgonjwa mmoja anaonekana amepasuliwa mara tatu.

Kikwazo kwetu: mikataba mingi hairuhusu taarifa za wagonjwa halisi kutoka nje ya Marekani. Kwa hivyo najenga na kujaribu mikondo ya data kwa data za kubuni, mwenzangu aliye kule ndiye anayeiendesha juu ya data halisi. Ukiona tangazo linalokuahidi kazi hii na kukutumia majina ya wagonjwa kwenye barua pepe, kimbia. Saa nazo: mkutano wao wa saa tatu asubuhi pwani ya mashariki ni saa kumi au kumi na moja jioni kwetu, kutegemea msimu wao. Malipo ni mazuri. Lakini nakiri moyo wangu unavutwa na anayofanya Kaskazi.

Kaskazi_Amu

Maelezo yako yatawafaa wengi, hata wasiotaka kazi ya nje, kwa sababu data za madai zinakuja kwetu pia. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, imechukua nafasi ya NHIF, na madai yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki. Kuna watu watadhani madai yanaweza kuchukua nafasi ya ripoti za rejista. Hayawezi. Dai linaonyesha kilicholipiwa. Mama aliyejifungulia nyumbani Kizingitini kwa mkunga kwa sababu bahari ilichafuka hana dai, na mtoto aliyechanjwa chini ya mwembe siku ya huduma za nje hana dai. Vijana wa pwani hii wanaojua vyanzo vyote viwili na mapengo ya kila kimoja watahitajika sana.

Mjasiri254

Mna maneno mengi wazee. Akili bandia inaandika SQL sasa. Miaka miwili hii kazi imekwisha.

Kaskazi_Amu

Inaandika, na mimi naitumia kuandika skripti za kawaida. Lakini rudi juu usome habari ya sifuri, ya Hassan na Hussein, na ya zahanati zilizofungwa. SQL katika mambo hayo yote ni mistari michache. Kujua kwamba swali lipo ndiko kulikohitaji mtu, na jibu likawa kwa nesi. Mashine iliyojazwa kimya ikakitafsiri kuwa sifuri itakuandikia ripoti nzuri mno ya uongo.

MtotoWaMalindi

Kaka nimerudi. Nimefuata uliyosema: Synthea, PostgreSQL, na nimeongeza jedwali langu la kubuni la watoto wanaozaliwa, muda nikiweka kwa majira ya kwetu. Seva niliyokodi iko Ulaya. Jumla ya mwaka iko sawa, lakini za kila mwezi hazilingani na nilizotunga. Mwezi wa saba umepungua watoto, wa sita umezidi. Nimehakiki fomyula mara nyingi, sioni kosa.

Kaskazi_Amu

Usiiguse fomyula. Angalia saa. Seva yako bila shaka inapanga muda kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele. Mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Julai saa saba na nusu usiku, kwa UTC bado ni tarehe 30 Juni, saa nne na nusu usiku. Wote waliozaliwa kati ya saa sita na saa tisa usiku wa kuamkia tarehe mosi wanarudi mwezi wa nyuma. Kabla ya kukata mwezi, geuza muda kwa AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi', kisha ndipo utoe tarehe. Jaribu, na uchapishe hapa mistari ya usiku huo kabla na baada.

MtotoWaMalindi

Imekaa sawa! Zote zimelingana.

Nesi_Pate

Wanangu, niwaulize basi. Hapo Kaskazi amesema saa saba na nusu usiku. Kwenye rejista ya kujifungua, mimi nikichoka, huandika vivyo hivyo nivyosema: 7:30 usiku. Mwenzangu huandika 1:30 am. Anayeingiza kwenye kompyuta ataandika nini?

Kaskazi_Amu

Mama, kama hajaliona neno "usiku" ataandika 07:30, na mtoto atakuwa amezaliwa asubuhi. Na hata akiliona, kisanduku hakina pa kuliweka. Hilo sikuwa na ukaguzi wake. Kwako huwa mwaandika kwa mtindo gani zaidi, na je, neno la usiku au asubuhi huwa lipo kila mara?

Nesi_Pate

Saa ya Kiswahili zaidi. Neno huwapo mchana; usiku, kukiwa na wajawazito wawili, hukosekana. Lakini aliyekuwa zamu hutia sahihi, na daftari la zamu laonyesha nani alishika zamu ya usiku. Tafuta hapo.

Kaskazi_Amu

Basi naanzia kwenye daftari la zamu. Mtoto wa Malindi, ongeza safu mbili kwenye jedwali lako: saa kama ilivyoandikwa, na saa baada ya kugeuzwa. Ya kwanza isibadilishwe na mtu yeyote.